Kasmir na Kamera ya Watu Saba

Kasmir Chilumba alikuwa hawezi kukaa. Si kwamba alikuwa na jipu. Alikuwa mzima wa afya, mrefu, mwembamba kama nguzo ya simu, ila makalio yake na kiti havikuwahi kuelewana. Kanisani alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mpaka padri akamwuliza kama amekuja kusali au kulinda baiskeli. Kwa kinyozi alinyolewa upande wa kushoto asubuhi, akarudi kwa upande wa kulia alasiri.

Alifika Dar es Salaam kutoka Ndanda mwaka sabini na moja, na rozari ya mama yake na shati moja la kubadilisha. Kufikia mwaka themanini na tatu alikuwa ameshafanya kazi kumi na moja na kuziacha zote mwenyewe, bila kufukuzwa hata mara moja, jambo alilojivunia sana. Alipakua mizigo bandarini miezi mitatu. Alikata tiketi za sinema, akaacha kwa sababu walionyesha filamu ileile wiki tatu na yeye alishajua nani atakufa. Alikuwa karani wa mayai kwenye shirika moja la kuku lililokuwa na meneja, naibu meneja, mhasibu na dereva. Kuku tu ndio walikuwa bado hawajafika. Pale alidumu zaidi kuliko kote, miezi minane, maana kazi yenyewe ilikuwa kutembea ofisi hadi ofisi kuuliza kama kuku wamefika.

Sasa mwaka ule serikali ilikuwa imechoka kuona watu wanazunguka mjini. Likaja neno Nguvu Kazi. Kila mwenye mikono miwili aonyeshe kadi ya kazi. Asiye nayo apande lori, apelekwe kijijini akalime. Mgambo wakasimama kwenye kona za Kariakoo, na mji mzima ukabadili mwendo. Wapole wakajifanya wana haraka, wenye haraka wakajifanya wapole, kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika mzururaji anatembeaje.

Si jembe lililomtisha Kasmir. Jembe alilijua tangu hajaota meno ya ukubwa. Alichoogopa ni kufikishwa mahali, mtu akafungua daftari, akaandika jina lake na kumwambia: hapa ndipo kwako, mpaka utakapozikwa.

Kilichomwokoa kilikuwa kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, chenye mhuri wa zambarau: CHAMA CHA WAPIGA PICHA WA RIDHAA, KARIAKOO. Chini ya jina lake paliandikwa: Kazi, mpiga picha (ridhaa). Mzee Hamis, mwenye nyumba wake wa Mtaa wa Sikukuu na papo hapo balozi wa nyumba kumi, aliisoma kadi ile mara tatu, akaigeuza, akasoma na nyuma ambako hapakuwa na kitu.

"Ridhaa ni idara gani?"

"Idara mpya, mzee."

"Iko chini ya nani?"

"Bado wanaamua."

Mzee Hamis akatikisa kichwa kwa heshima. Idara ambazo bado wanaamua ziko chini ya nani alizifahamu, zilikuwa nyingi, na wafanyakazi wake walikuwa hawakamatwi. Akamwandika Kasmir kwenye daftari: mfanyakazi.

Chama chenyewe kilikuwa na wanachama saba na kamera moja. Mwalimu mmoja wa ufundi, Mjerumani wa Mashariki, ndiye aliyewaachia kamera hiyo alipomaliza mkataba wake, naye akaondoka na kinyago cha Kimakonde kizito kuliko mke wake. Kamera nayo ilikuwa nzito. Ukiivaa shingoni kutwa unatembea umeinama kama mtu aliyedondosha senti. Ilimilikiwa kijamaa, yaani kila mtu alikuwa nayo wiki moja na kuilalamikia wiki sita. Mikanda ya picha ilikuwa adimu kuliko sabuni, kwa hiyo mkanda mmoja wa picha thelathini na sita uligawanywa: tano kwa kila mwanachama. Saba mara tano ni thelathini na tano. Ile ya thelathini na sita ilikuwa ya mwenyekiti, kwa ajili ya dharura. Dharura ilitokea kila mkanda.

Mwenyekiti alikuwa Ndugu Pantaleo, mtu wa Kibosho, karani mkuu wa vifaa kwenye shirika fulani, bwana ambaye hata mkikutana wawili njiani alifungua kikao. Alipiga picha majengo tu, kwa sababu majengo hayabishi. Na kabla ya ajenda yoyote alitoa dakika kumi za kulaani watu wanaonunua bidhaa za kufichwa kwa mlango wa nyuma. "Mlanguzi ana pacha wake, ndugu zangu," alikuwa akisema, kidole juu, "naye ni yule anayekuja na kikapu!" Wanachama walipiga makofi huku wakiwaza sukari wataipata wapi.

Katibu alikuwa Hyasinta, mpiga chapa, binti wa Magomeni mwenye ulimi usiofunikwa. Yeye ndiye aliyesafisha mikanda, bafuni kwao, taa ikiwa imevalishwa kitambaa chekundu, na shemeji zake wakigonga mlango kwamba wanataka kuoga. Ndiye pia aliyekuwa na kipaji. Alitoboa kikapu chake tundu, akaweka kamera ndani, akafunika na mchicha, akazunguka sokoni akiwapiga picha watu wasiojua lolote. Wengine wote walikuwa wanajifunza.

Mwaka huo chama kilipitisha kwa kura kwamba wanachama wajifunze mambo matatu: watu usiowajua, usiku, na mapaa ya mji.

Hilo la kwanza, nani atakwambia! Mtu usiyemjua Kariakoo anabaki hivyo mpaka pale anapoiona kamera. Kasmir alijaribu kwa muuza kahawa mmoja aliyekuwa amechuchumaa vizuri kabisa, moshi wa jiko ukimpita usoni, vikombe vikigongana mkononi. Jamaa akainua macho.

"Aa! Subiri, subiri." Akafunga vifungo vya shati mpaka kooni. Akasimama wima, mikono ubavuni, uso umekaza kama anasomewa hukumu. "Sasa. Hapana, ngoja. We Candida! Njoo na mtoto!" Mkewe akaja mbio na mtoto, na mtoto akavishwa viatu vya jirani. Mtu wa duka la pili akaleta redio, ikawekwa miguuni, mkonga umevutwa wote. Kasmir alipofyatua kulikuwa na watu tisa mstarini, wote wamekasirika kwa heshima.

"Haya," akasema muuza kahawa, akivua uso ule na kurudi kuwa mtu. "Zitatoka lini?"

Hapo ndipo pagumu. Kwa watu wa mji ule, ukimpiga mtu picha umemwahidi nakala. Halina mjadala hilo. Kasmir, ambaye hakujua kukataa, alitaja nyumba anayokaa. Kwa mwezi mzima wageni walibisha hodi Mtaa wa Sikukuu wakimwulizia "yule mrefu wa picha", na Mzee Hamis akazidi kuamini kwamba ile idara ni kubwa.

Na picha zenyewe hazikutoka. Zilitoka ukungu.

Kikao cha Jumapili kilifanyika uani kwa kina Hyasinta. Magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani baada ya saa nane, kwa hiyo mji ulinyamaza kiasi cha kusikia kila neno la mwenyekiti, bahati mbaya. Pantaleo alipomaliza kuwalaani wenye vikapu, alipanga mkekani picha kumi za Kasmir, kazi ya zamu mbili.

"Ndugu Kasmir. Hii ni nini?"

"Mji, mwenyekiti. Niko kwenye feri ya Magogoni, narudi kutoka Kigamboni."

"Mimi naona kitana kimeanguka kwenye uji."

Watu wakacheka. Pius, mwanachama mgeni kuliko wote, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, akachukua nyingine na kuisogeza puani. "Na huyu kuku amepigwa na umeme?"

"Mama anauza maandazi."

"Alikuwa anakimbia?"

"Hapana," akasema Kasmir. "Mimi ndiye nilikuwa naondoka."

Hata Hyasinta alicheka hapo, akajifunika mdomo kwa daftari la kumbukumbu. Kasmir alikuwa amesimama, bila shaka, kaegemea mlango wa jiko, akihamisha uzito mguu hadi mguu.

Pantaleo hakucheka. "Mkanda ni mali ya umma," akasema. "Umma wa watu saba. Mwanachama anayeharibu mkanda ni sawa na anayemwaga maziwa ya watoto. Napendekeza hivi. Ndugu Kasmir apewe zamu moja ya mwisho. Alete picha moja, moja tu, iliyotulia. Iwe ya usiku. Iwe na mapaa ya mji. Na ndani yake wawe watu asiowajua, wasiojua kwamba wanapigwa. Akishindwa, arudishe kadi ya chama."

"Kadi?" Kasmir akaushika mfuko wa shati.

"Kadi. Hatuwezi kumdhamini mtu kwamba ni mpiga picha na hapigi picha. Hiyo ni ulanguzi wa cheo."

Mikono ikapanda. Wa Pius ulipanda wa kwanza. Wa Hyasinta ulibaki na kalamu, akiandika.

Basi Kasmir akaingia kwenye wiki ile na picha zake tano. Jumatatu alimwona mchukuzi kalala juu ya mkokoteni wake, Mtaa wa Kongo, magharibi ikiingia. Mtu asiyemjua, asiyejua, usiku unakuja: safi. Akasogea kwa ncha za vidole. Akafyatua, na kwa mlio ule mchukuzi akaruka kama askari. "Zitatoka lini?" Jumanne alipanda ngazi za ghorofa moja apate mapaa, mlinzi akamvuta mguu wa suruali akimwuliza anampelelezea nani. Ya pili ikaenda na mlinzi. Ya tatu alifyatua akitembea, kwa mazoea. Ya nne, Jumatano, ilijifyatua yenyewe: alikutana na mzee wa mtaani, akainama, "Shikamoo," kidole kikajisahau juu ya kitufe, na mzee akaitikia "Marahaba" kwa kamera.

Alhamisi saa ya mapumziko alimfuata Hyasinta nje ya ofisi yao, anakula muhogo wa kuchoma.

"Imebaki ngapi?"

"Moja."

"Moja! Nne umezipeleka wapi?"

"Moja nimemwamkia mzee."

Hyasinta akaacha kutafuna. "Kaka Kasmir, nikwambie ukweli? Kamera haina ubaya. Usiku nao hauna ubaya. Wenye ubaya ni magoti yako. Picha ya usiku huipigi, unaiachia. Unaweka kamera juu ya debe, debe ndani utie mawe lisitikisike. Unabonyeza na kushikilia, jicho linabaki wazi, unahesabu mpaka ishirini. Hupumui. Hujikuni. Kila kitu kitakachotulia kitaandikwa, kitakachohama kitafutika."

"Ishirini nyingi."

"Nyingi wapi? Ni Baba Yetu moja tu."

"Hata hiyo huwa naimalizia njiani."

"Najua. Nimekuona." Akampa kipande cha muhogo, maana Kasmir alikuwa ameshaanza kurudi nyuma nyuma kama mtu anayeaga. "Nenda ukajifunze kusimama kwanza. Chagua kitu kimoja, kitumbulie macho, usikiache. Nenda pale kona ya duka la ushirika, lile la Tujikimu. Limefungwa wiki ya tatu hii, hakuna atakayekusumbua. Mapaa ya soko yanaonekana juu yake. Na Kasmir..."

"Ee?"

"Sitaki kukuandikia barua kijijini. Mimi mvivu wa barua."

Saa kumi na mbili na nusu jioni Kasmir alikuwa kwenye kona. Ushirika wa Tujikimu ulikuwa duka la ukuta mweupe na mlango wa bluu, na juu ya bati lake yalitokeza mapaa ya zege ya soko kuu, kama miavuli iliyogeuzwa na upepo. Mbingu nyuma yake zilikuwa bado na mwanga mwembamba. Kamera ilikuwa kwenye mfuko wa kitambaa, debe la mawe miguuni. Akaamua afanye kwanza yale mazoezi. Akauendea mlango, akachagua kitasa, akakitumbulia macho, akaanza kuhesabu bila kupumua.

Mtu mzima, amesimama kimya mbele ya mlango wa duka la ushirika uliofungwa, debe miguuni. Mwaka themanini na tatu!

Alikuwa amefika kumi na mbili aliposikia sauti nyuma yake. "Ndugu, wanagawa nini?"

Kasmir hakujibu. Alikuwa anaweza, jamani! Kumi na tatu, kumi na nne.

Aliyeuliza alikuwa Mama Paskalina, mshona nguo wa mtaa wa pili. Alipoona hajibiwi, akaelewa kila kitu. Mtu asiyejua angesema hajui. Huyu amenyamaza, kwa hiyo anajua. Akajipanga nyuma yake, kikapu kifuani. Akafuata bwana mmoja na baiskeli, akamwuliza Mama Paskalina, naye akajibu kwa siri ya kusikika mpaka ng'ambo: "Sukari, nadhani. Huyu wa mbele hataki kusema."

Kasmir alimaliza ishirini mara thelathini. Hajawahi kusimama hivyo tangu ubatizo, na hata hapo alikuwa ameshikwa. Alipogeuka, akitabasamu kwa ushindi, aliona watu arobaini. Walikuwa wamepangana kufuata ukuta mpaka kwenye kona, na walioondoka mara moja kwenda kuita ndugu walikuwa wameacha kandambili, kopo, jiwe lenye chaki, kila kitu kikiwakilisha mtu kamili mwenye haki zake.

"Mnangoja nini?" akauliza.

Foleni nzima ikacheka kwa kuchoka. "Msikie! Ati tunangoja nini."

"Jamani, mimi ni mpiga picha. Duka limefungwa. Hakuna kitu!"

"Anataka tuondoke abebe peke yake," akasema mwenye baiskeli. "Tazama debe lake lilivyo kubwa."

"Debe lina mawe!"

"Leo mawe, kesho sukari. Simama hapo, kaka, usituharibie. Ukitoka, nafasi imekwenda."

Hapo akafika Mzee Hamis, fimbo mkononi. Balozi kukuta foleni asiyoijua kwenye eneo lake ni aibu kubwa; kukiri kwamba haijui ni kubwa zaidi. Akaitazama mwanzo hadi mwisho, akamwona mpangaji wake wa ile idara kasimama wa kwanza, akakohoa. "Nyoosheni mstari!" akasema. "Mambo yanashughulikiwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyomaliza. Wakawa sabini.

Meneja wa ushirika, Ndugu Ignasi, alikuwa mtu mnene kuliko mwaka ule ulivyoruhusu. Alitokea uchochoroni, ufunguo mkononi, amekuja kwa shughuli zake za jioni zisizohitaji mashahidi. Akaona watu sabini, balozi, na mbele ya wote mtu mrefu mwenye mfuko wa kitambaa, akimkodolea macho. Miguu yake ikafikiri kukimbia, tumbo likakataa.

"Nani... nani amewaambieni?" akauliza.

"Tunajua yote," akasema Mama Paskalina, ambaye hakujua lolote.

Ndugu Ignasi akautazama ufunguo wake. Walanguzi walikuwa wakitajwa redioni kila siku mwezi ule. Akafanya hesabu ya haraka, akafungua mlango. "Nilikuwa nakuja kuwatangazieni," akasema. "Mzigo umeingia. Leo. Sasa hivi." Akawasha taa, na mle ndani, nyuma ya marobota ya khanga, magunia ya sukari yalikuwa yamekaa yametulia kama wazee barazani.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walishusha pumzi pamoja, kisha kila mmoja akakaza mguu wake ardhini. Na papo hapo Kasmir akaona.

Taa ya duka ilimwagika mlangoni, ikapita usoni kwa mtu baada ya mtu mpaka kwenye kona. Juu ya bati miavuli ya zege ilikuwa bado haijamezwa na giza. Na watu sabini wa Kariakoo, watu ambao hata usingizini wanahamahama, walikuwa wamesimama kimya, hakuna anayegeuza shingo, kwa kuogopa kupoteza nafasi. Hakuna aliyefunga kifungo. Hakuna aliyeita mtoto wala redio. Kwa mara ya kwanza mjini mle hakuna mtu aliyetaka kupigwa picha. Macho yote yalikuwa kwenye mizani.

"Wewe wa kwanza," akaita Ndugu Ignasi. "Kilo ngapi?"

Kasmir alikuwa hajaonja sukari tangu mwezi wa saba. Alilamba midomo. Kisha akanyakua debe, akavuka barabara.

"Nafasi yako!" akapiga kelele Mama Paskalina.

"Chukua, mama!"

Akaliweka debe upande wa pili, kamera juu yake, akapiga magoti, akabonyeza. Moja. Mbili. Magoti yakaanza kuwasha. Tano. Mbu akatua kwenye sikio, akachagua mahali, akaanza chakula. Nane. Kila mfupa mwilini ulimwambia inuka, kuna kitu kwingine. Kumi. Foleni ilikuwa imeganda. Karibu na mwisho bwana mmoja aliyejifunika kofia hadi puani, vikapu viwili mkono mmoja, aliivua kofia na kujipepea, basi. Kumi na tatu.

Mkono mzito ukamshika bega.

"Kadi," ikasema sauti ya mgambo.

Kumi na nne.

"Nakwambia kadi! Umechuchumaa gizani unafanya nini? Unakaa wapi? Unafanya kazi wapi?"

Kumi na sita. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa mkono ulioshika kitufe. Lori lilikuwa kwenye kona, injini inanguruma. Alilisikia vizuri kabisa, alijua hata harufu ya turubai lake. Miaka kumi na miwili mwili wake ulikuwa umetoroka kila kitu, na sasa wakati wa kutoroka kwa haki ulikuwa huu hapa. Kumi na saba. Kidole hakikuhama.

"Kiziwi wewe?"

Kumi na nane, kumi na tisa.

Ishirini. Akaachia.

"Kadi hii hapa, ndugu," akasema Kasmir, na kupumua.

Mgambo akaisoma kwa tochi. "Ridhaa ndiyo nini?"

"Ni idara," akajibu Mzee Hamis, aliyekuwa anavuka barabara kwa fimbo yake. "Huyo ni mtu wangu. Huyo ndiye wa kwanza kwenye foleni."

"Kama wa kwanza, mbona yuko huku?"

Mzee Hamis akamtazama kijana yule kwa huruma. "Anaikagua."

Jumapili chai ilikuwa na sukari. Mama Paskalina alikuwa ameleta nusu kilo kwenye gazeti, ada ya nafasi, na Kasmir akaileta kikaoni. Wanachama wakanywa bila kuuliza ilikotoka. Mwenyekiti siku hiyo aliruka dakika zake kumi za kulaani, akisema koo linamwasha.

Hyasinta akaitoa picha kwenye bahasha, akaiweka mkekani.

Vichwa vikakusanyika juu yake. Kila kitu kilikuwemo. Mapaa ya soko, ukuta, kopo, hata chaki ya kwenye jiwe. Mzee Hamis tu, aliyekuwa akizunguka na fimbo yake, alikuwa amefutika. Nyuso sabini, wazi, moja moja, zikitazama upande mmoja kwa shauku ambayo watu hawa hawajampa mtu yeyote. Ulikuwa mji wenyewe, ulikuwa mwaka wenyewe, umeshikwa pale ulipoacha kujinyoosha. Kasmir aliitazama, na bila kujua akawa ameketi.

"Usiku upo," akasema Hyasinta. "Mapaa yapo. Imetulia. Limebaki sharti la tatu, watu asiowajua. Mwenyekiti, tuwapitie?"

"Si lazima," akasema Pantaleo haraka.

"Kwa ajili ya kumbukumbu." Kidole chake kikatembea polepole juu ya foleni. "Mbele hapa ni watu wa mtaa tu. Huyu? Hapana. Huyu? Hapana." Kikafika karibu na mwisho, kwenye bwana mwenye vikapu viwili na jiwe mbele yake. Kofia aliyokuwa akijipepea nayo ilikuwa imegeuka ukungu mtupu. Uso uliobaki chini yake ulikuwa wazi kama wa kwenye kadi ya chama.

Pius akafungua mdomo. "Mwenyekiti, huyu si..."

"Si nani?" akauliza Pantaleo.

Pius akafunga mdomo.

"Mwenyekiti ndiye mwenye neno," akasema Hyasinta kwa upole uliotisha. "Kama mtu huyu anajulikana na chama, sharti limevunjika, Kasmir arudishe kadi. Unamfahamu?"

Ndugu Pantaleo akaishika picha, akaisogeza, akaitenga. Alikuwa wa rangi ya majivu.

"Simfahamu," akasema.

"Hata kidogo?"

"Sijapata kumwona."

"Niandike?"

"Andika."

Hyasinta akaandika, akipiga nukta mpaka karatasi ikatoboka. Kadi ya Kasmir ikagongwa mhuri mpya, wa mwaka mzima, na mwenyekiti aliugonga huku ameshaanza kuinuka, ukatoka na ukungu kidogo.

Kasmir hakungoja mengineyo. Alikuwa ameshakaa robo saa nzima na miguu ilimdai. Alikuwa amefika barabarani, hatua ndefu kuelekea mjini, aliposikia viatu nyuma yake.

"Ndugu Kasmir! Ndugu Kasmir, ngoja kidogo."

Alikuwa mwenyekiti, anahema, anatazama kushoto na kulia kama mtu wa mlango wa nyuma.

"Ile picha," akasema. "Nakala nyingine... yaani, nauliza tu kwa niaba ya mhusika, iwapo atajitokeza." Akashusha sauti. "Zitatoka lini?"